Bwana, Boi na Msee

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi, baada ya kutoka chuo cha ualimu, niliwekwa katika shule moja ya sekondari upande wa mashariki wa Nairobi. Langoni pa shule ile palikuwa na mlinzi, mtu mzima aliyekwisha kuota mvi, ambaye hakuvua koti lake refu jua liwake au mvua inyeshe. Kila asubuhi wanafunzi walipita mbele yake wakisema, "Sasa, buda!" naye akiwajibu, "Poa, vijana," huku akiwatazama kama mashati yamechomekwa. Mimi nilisimama kando nikaudhika. Nilikuwa nimelelewa kuamini kwamba mtoto hamwiti mtu mzima kwa neno la mitaani. Basi Jumatatu moja, katika mkutano wa asubuhi, niliwaonya wanafunzi wote: asisikiwe tena mtu akisema "buda", kila mmoja apitapo langoni atasema, "Shikamoo, Mzee." Walinitii.

Majuma mawili yakapita. Jioni moja yule mlinzi akabisha mlangoni pa chumba cha walimu, akavua kofia, akasema, "Samahani, Mwalimu. Nimewakosea nini watoto?"

Nikamwuliza kwa sababu gani asema hivyo.

"Zamani walikuwa wakisimama nami," akanijibu. "Huyu ananipa habari za mpira, yule ananiachia gazeti la baba yake. Sasa wanalisema neno lako mbiombio kama watu wanaosoma orodha, kisha wanapita."

Sikuwa na la kumwambia. Nilidhani nimeondoa neno baya, kumbe nimeondoa kigoda walichokuwa wakikalia pamoja. Tangu siku ile nimekuwa nikichunguza maneno ambayo watu wa Afrika ya Mashariki wameitana kwayo katika miaka mia na hamsini iliyopita, na jinsi yalivyogeuka. Habari hizo ndizo nipendazo kukusimulia, msomaji, kwa maana wewe nawe huita na huitwa kila siku, na pengine hujapata kuuliza maneno hayo yametoka wapi.

Nianze na neno lile nililowaamuru wanafunzi wangu walitumie kwa ajili ya heshima. Kamusi za zamani za Kiswahili zatueleza kwamba shikamoo ni ufupisho wa kusema "nashika miguu yako", na kwamba ilikuwa salamu ya mtu wa chini kwa mkubwa wake, hasa ya mtumwa kwa bwana wake. Katika karne ya 19 pwani yetu, kuanzia Lamu na Malindi hata Mombasa, na visiwani Unguja na Pemba, ilikuwa nchi ya mashamba yaliyolimwa na watumwa: karafuu visiwani, nafaka Malindi. Watu waligawanyika katika daraja, na kila daraja ilikuwa na jina lake. Aliyezaliwa huru aliitwa mwungwana. Mtumwa aliyezaliwa pwani aliitwa mzalia, naye alijiona bora kuliko mateka aliyeletwa jana kutoka bara. Mwanamke mtumwa aliitwa mjakazi. Hata neno mtumwa lenyewe, ukilitazama, ni mtu wa kutumwa tu, asiye na safari yake mwenyewe.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Mwaka 1875 kijiji cha Freretown kilianzishwa karibu na Mombasa kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Hali ya utumwa ilifutwa katika sheria ya Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Vifungo vikakatika, lakini salamu ile haikufa pamoja navyo. Ilihama. Ilitoka kati ya mtumwa na bwana ikaenda kukaa kati ya kijana na mzee. Leo mtoto wa tajiri humwamkia mpishi wa nyumbani kwao "shikamoo" ikiwa mpishi huyo amemzidi umri, na wala hapana ambaye hufikiri juu ya miguu. Kwa hiyo mimi niliyejiona mlinzi wa adabu nilikuwa nimekataza neno la watoto huru, nikaweka mahali pake neno lililozaliwa utumwani. Sikukosa kwa kulipenda neno shikamoo, ambalo leo ni neno zuri. Nilikosa kwa kudhani kwamba maneno huzaliwa mazuri au mabaya, na kwamba hubaki hivyo hivyo.

Wala usidhani kwamba watu wa chini walingoja sheria ndipo wabadili maneno. Katika karne hiyo hiyo ya 19 misafara mikubwa ilitoka pwani kwenda bara kutafuta pembe za ndovu, ikafika maziwa makuu na nchi ya Kongo. Wapagazi na askari wengi wa misafara hiyo walikuwa watumwa, au watu waliokuwa watumwa zamani. Pwani hapana ambaye angewaita waungwana. Lakini walipofika bara, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuwauliza baba zao ni nani, walijiita wangwana, na wenyeji wakawaita hivyo. Jina likaota mizizi hata Kiswahili kilichozungumzwa mashariki ya Kongo kikaitwa Kingwana. Tazama basi: neno lililokuwa ukuta wa kuwafungia nje, wenyewe walilichukua wakalifanya vazi, na safari ya miezi michache ikatosha kulipa maana mpya.

Sasa tulitazame neno bwana, lililokuwa ncha ya pili ya kamba iliyomfunga mtumwa. Bwana alikuwa mwenye mali, mwenye shamba na mwenye watu. Walipokuja Waingereza, kwanza kwa njia ya kampuni iliyopata hati ya kifalme mwaka 1888, kisha kwa serikali yenyewe tangu mwaka 1895, walilikuta neno hilo limekwisha chongwa, wakalikalia kama kiti cha enzi. Mkuu wa wilaya akawa Bwana D.C., afisa wa kilimo akawa bwana shamba, na kila mlowezi katika shamba lake akawa bwana, na mkubwa wao akawa bwana mkubwa. Kanisani neno hilo likapanda juu zaidi, likawa jina la Mungu. Nyumbani likabaki jina la mume.

Lakini neno likitumiwa kwa wengi hupungua uzito, kama sarafu inayopita mikononi hata picha yake ikafutika. Tena vijana wana desturi ya kuchezea vyeo vya wakubwa. Mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 ilienea pwani, na baadaye bara, ngoma iliyoitwa beni. Wachezaji walijigawa katika vyama vya kushindana, kama vile Kingi na Scotchi, au Marini na Arinoti, wakavaa sare, wakapiga tarumbeta, wakapeana vyeo vya mfalme, jenerali na kanali. Mchana kijana aliweza kuwa mchukuzi bandarini. Usiku alikuwa jenerali, na wenziwe walimpigia saluti. Watu wazima wengine walicheka, na maafisa wa serikali wengine waliingiwa na wasiwasi. Walikuwa na haki ya kuwa na wasiwasi, kwa sababu cheo kinachoweza kuchezewa ngomani kimekwisha anza kupoteza hofu yake.

Ndivyo ilivyokuwa kwa neno bwana. Watu wasiokuwa mabwana wa mtu yeyote waliitana bwana kwa mzaha, na mzaha uliorudiwa ukawa mazoea. Kenya ilipopata uhuru, tarehe 12 Desemba 1963, neno lilikuwa limekwisha enea kwa kila mwanamume, na leo huandikwa kwa herufi mbili tu juu ya bahasha. Rais Jomo Kenyatta alipoagiza mwezi wa Julai mwaka 1974 kwamba Kiswahili kitumiwe Bungeni, wajumbe walisimama na kusema "Bwana Spika". Wakati huo huo barabarani neno liliendelea kushuka: "Twende, bwana!" "Wacha, bwana!" Mwishowe likapoteza hata sauti yake ya katikati, likawa "bana". Leo msichana humwambia msichana mwenzake, "Wacha, bana," na hapo hapana mwanamume, wala mali, wala mtumwa. Neno lililomfanya mtu apige magoti sasa ni mkia mdogo wa sentensi, na kazi yake ni moja tu: kumjulisha msikilizaji kwamba mimi na wewe tu sawa, tusikaziane uso.

Twaweza kujifunza hapa kanuni ya kwanza. Neno la kuitana hufuata uhusiano wa watu. Uhusiano ukiwa mzito, neno huwa zito. Uhusiano ukilegea, neno hulegea, hata herufi zake huanguka njiani.

Kanuni ya pili yapatikana katika neno boi, nalo si la kuchekesha. Katika Kenya ya wakoloni mtumishi wa nyumbani wa kiume aliitwa boi, hata kama alikuwa na wajukuu. Neno hili lilitokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mtoto wa kiume, na lilitumiwa pamoja na Kiswahili kilichokatwakatwa ambacho watu walikiita Kisetla, Kiswahili cha kuamrisha: lete, toa, ngoja, upesi. Ilivyo ajabu ni kwamba sheria haikumhesabu mtu huyo kuwa mtoto. Kwa sheria ya kuandikisha wenyeji ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimishwa kuchukua kipande, cheti chenye alama za vidole vyake na habari za waajiri wake. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Kwa kodi, kwa kazi na kwa kipande alikuwa mwanamume. Kwa salamu alikuwa mtoto. Jambo hili halikutokea kwa bahati mbaya. Mtu mzima akiitwa mtoto kila siku, ni rahisi kumlipa mshahara wa mtoto na kumnyamazisha kama mtoto.

Ukienda leo katika mitaa ya Nairobi utawasikia vijana wakisema "boi wangu", yaani rafiki yangu niliyekua naye, au "maboi" kwa kundi la marafiki. Sauti ni ile ile, na tofauti yote imo katika mambo mawili. Jambo la kwanza ni kwamba anayeita na anayeitwa wako katika kimo kimoja. Jambo la pili ni kwamba anayeitwa aweza kujibu kwa neno lilo hilo. Mtumishi wa mwaka 1935 hakuweza kumwambia mlowezi "boi". Kijana wa leo aitwapo "boi" hujibu "boi", na neno hurudi lilikotoka bila kumjeruhi mtu. Basi hii ndiyo kanuni ya pili: neno lisiloweza kurudishwa kwa aliyelisema ni amri, au ni tusi, neno liendalo na kurudi ni urafiki.

Hebu sasa tuingie katika mitaa hiyo yenyewe, maana ndiyo karakana ambamo maneno mengi ya leo yalifuliwa. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Kazi ya kuijenga, kati ya mwaka 1896 na 1901, ilileta wafanyakazi zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, na mji ulipokua ulivuta watu kutoka kila upande: Ukamba, Ukikuyu, nchi za Ziwa na pwani. Waafrika hawakuruhusiwa kuishi popote walipotaka. Walipewa Pumwani katika miaka ya 1920, na baadaye mitaa mingine ya mashariki kama Kaloleni na Makongeni, nyumba zikiwa ndogo na watu wengi. Mtoto aliyezaliwa humo alisikia lugha ya mamaye ndani, lugha ya jirani ukutani, Kiswahili uani na Kiingereza darasani. Kutoka katika mchanganyiko huo ilizaliwa lugha ya vijana iitwayo Sheng. Wataalamu hawapatani juu ya umri wake: wako waonao dalili zake katika miaka ya 1930, na wengine husema ilitokea hasa baada ya uhuru, katika miaka ya 1970.

Fikiri juu ya shida ya kijana wa mtaa ule. Kijijini, mtu alijua amwiteje kila amwonaye. Ukoo ulimwambia huyu ni mjomba na yule ni shemeji. Rika lilimwambia huyu tulitahiriwa pamoja na yule ni mkubwa wangu. Mjini ukoo uko mbali na rika limetawanyika. Kijana akutana na kijana asiyemjua kabila wala baba. Amwite nani? "Ndugu" ni neno la damu au la kanisani. "Bwana" bado lanuka ofisi. Jina la kabila laweza kuleta ugomvi. Ndipo likatokea neno msee.

Msee ni mzee aliyebadilishwa herufi moja. Katika Kiswahili cha desturi mzee ni cheo kisichonunuliwa. Mtu hukipata kwa kuishi. Kenyatta mwenyewe, tangu alipotoka kizuizini mwaka 1961 hata alipofariki mwaka 1978, aliitwa Mzee na taifa zima, na ilitosha kusema "Mzee" bila kutaja jina. Magazetini na redioni Mzee alikuwa mmoja. Mitaani wasee wakawa wengi kama mchanga. Msee ni mtu yeyote: dereva, mwanafunzi, mchuuzi wa viazi, mgeni uliyemwona kituoni. Vijana walichukua heshima iliyokuwa ya wachache, wakaigawa sawasawa kwa kila mtu. Na kwa kuwa kila mtu sasa anayo, si heshima tena bali ni utu tu. Ukimwita mtu msee humwambii kwamba ni mkubwa wako, wala kwamba ni mdogo wako. Humwulizi ukoo. Wamwambia tu: nimekuona, wewe ni mmoja wetu.

Neno jamaa limekwenda njia iliyo kinyume. Zamani lilikuwa neno la wengi: jamaa ni kundi la watu, ukoo, wenzi wa msafara. Leo wasikia "kuna jamaa mmoja alikuja", na jamaa huyo yuko peke yake. Mji umewatawanya jamaa, kila mmoja akaondoka na jina la wote.

Na buda, neno lililoniudhi? Maana yake kwa vijana ni baba, au mtu mzima wa umri wa baba. Katika Kihindi na lugha zilizo karibu nacho kuna neno linalofanana nalo sana kwa sauti, lenye maana ya mwanamume mzee. Tukiwakumbuka mafundi wa reli na maduka ya Wahindi yaliyokuwa karibu na mitaa ya mashariki, si ajabu neno kama hilo likavuka barabara. Wanafunzi wangu, basi, hawakuwa wakimtukana mlinzi. Walikuwa wakimwita baba, kwa lugha yao.

Hata salamu zao zina historia. Babu zetu walisema "hujambo", yaani huna jambo, hapana lililokupata. Walitakiana siku isiyo na habari, kwani habari mara nyingi ilikuwa maradhi, au vita, au kufiwa. Kijana wa leo husema "mambo?" Neno ni lile lile moja, jambo na mambo, ila mwelekeo umegeuka: babu aliomba pasiwe na jambo, mjukuu ataka kusikia mambo yote. Na jibu lake, "poa", ni kitenzi cha kupoa, kama chai inavyopoa. Moto umetoka, twaweza kunywa. Sipendi kusema nani ana hekima zaidi, babu au mjukuu. Nasema tu kwamba kila mmoja alisalimu kwa kufuata maisha yake.

Maneno haya yasingaliweza kuenea upesi bila matatu. Magari hayo yalipata jina lake kutokana na nauli ya zamani, senti 30, ambayo ilikuwa mapeni matatu. Na mwaka 1973 Rais Kenyatta aliyaruhusu kuchukua abiria bila leseni maalum. Ndani ya matatu watu wasiojuana hubanana kwa dakika ishirini kisha huachana milele. Utingo huwa hana nafasi ya kuwauliza majina. Hivyo humwita huyu "mathe", yule "buda", yule "siste", na kwa muda wa safari fupi gari lote lawa jamaa moja. Mwanamke aliyeitwa mathe hupishwa kiti. Aliyeitwa "wewe" husimama. Usidharau kazi ya neno dogo kama hilo. Undugu wa dakika ishirini si undugu wa damu, lakini bila huo mji hauwezi kukalika.

Labda utauliza: ikiwa maneno yana nguvu hiyo, kwa nini wakubwa wasichague maneno mema na kuyaagiza? Jambo hilo lilijaribiwa katika nchi jirani. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Watanzania walihimizwa kuitana ndugu, toka kiongozi mpaka mkulima, na neno hilo likawekwa mbele ya majina katika mikutano na magazeti. Lilikuwa kusudi jema, na kwa miaka mingi lilifanya kazi yake. Lakini vyama vingi viliporudi mwaka 1992 na siasa kubadilika, wajumbe wengi walipenda zaidi kuitwa waheshimiwa. Kwetu Kenya mheshimiwa hakuwa na mpinzani Bungeni. Lakini tazama vijana walivyomfanya. Walimkata mkia, akawa "mhesh", wakamgawia hata rafiki yao asiye na nauli. Amri ya juu iliweza kulitia neno midomoni. Kulitunza huko haikuweza, kwa maana uhusiano ulipobadilika neno nalo lilitafuta nyumba nyingine. Hilo ndilo nililolifanya mimi kwa udogo wangu pale langoni: niliagiza neno, nikasahau kwamba sikuweza kuagiza mapenzi.

Hata hivyo, msomaji, usifunge kitabu ukidhani kwamba nasema kila neno la mitaani ni jema. Kuna neno moja ambalo nalisikia na moyo wangu huuma. Vijana wetu humwita msichana afanyaye kazi za nyumbani "mboch". Pima neno hilo kwa kanuni ya pili. Je, yule msichana aweza kumrudishia neno hilo mtoto wa nyumba aliyemwita? Hawezi. Je, wako katika kimo kimoja? Hawako. Huenda msichana huyo akaamka kabla ya watu wote na kulala baada yao, na mtoto anayemwita hivyo huenda babu yake mwenyewe aliitwa boi katika jiko la mtu mwingine. Boi amekufa, lakini kiti chake hakikuvunjwa, tumemkalisha mwingine. Hali kadhalika majina mengi ambayo wavulana huwapa wasichana barabarani: mwenye kuita hudhani ametoa sifa, na mwenye kuitwa huona amepimwa kama nguo dukani. Maana ya neno la kuitana haimo kinywani mwa mwenye kusema peke yake. Nusu yake imo sikioni mwa anayeitwa, na nusu hiyo ndiyo nzito.

Nilipokwisha kuyafahamu haya kidogo, nilifanya jambo ambalo ningalilifanya tangu mwanzo. Nilikwenda langoni nikamwuliza yule mlinzi mwenyewe, "Mzee, wapenda watoto wakuite nani?"

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, baba yangu alifanya kazi nyumbani kwa mzungu kule mashambani. Mtoto wa miaka sita alimwita boi, naye alikuwa na wana watano. Mimi nilikuwapo, nikasikia. Hawa wakiniita buda, wanasimama. Hilo lanitosha." Halafu akacheka. "Lakini wewe usiniite buda. Wewe endelea na Mzee."

Neno moja, na watu wawili wenye haki mbalimbali juu yake. Watoto waliruhusiwa, mimi sikuruhusiwa, na sababu yake hakuhitaji kunieleza: wao walilipata kwa kusimama naye kila asubuhi, na mimi nilikuwa nikipita.

Jumatatu iliyofuata niliwaambia wanafunzi kwamba nimeiondoa amri yangu, na kwamba mlinzi ndiye wa kuwaambia aitweje. Si wote waliomrudia. Wengine walikuwa wamekwisha zoea kupita, na mazoea ya kupita huja upesi kuliko mazoea ya kusimama. Lakini mwisho wa juma nilimwona mvulana mmoja wa kidato cha pili ameegemea lango, mkoba chini, akimweleza habari za mchezo wa jana kwa mikono yake yote miwili, na mlinzi akitikisa kichwa.

Nakuachia kazi ndogo, msomaji. Leo, kabla jua halijatua, yahesabu maneno uliyowaitia watu: mama yako, rafiki yako, utingo, mwenye duka, msichana wa kazi wa jirani. Kisha chagua mtu mmoja katika hao, yule ambaye hujapata kumwuliza, ukamwulize apenda kuitwa nani. Na ukiisha kumwuliza, ungoje ajibu.